Ekseli ya Mkokoteni Wangu

Nina miaka ishirini na tatu, nimemaliza kidato cha nne, nina mtoto mmoja wa kike. Na mbele ya umati wa watu, mtoto wangu akiwa mgongoni, nilimrushia mume wangu gunzi la hindi usoni. Gunzi lililotafunwa na ng'ombe, bado lina mate!

Likampata juu ya jicho. Watu wakacheka, na huko kucheka ndiko ninakoshtakiwa mpaka leo nyumbani kwa wakwe zangu.

Wasomaji wenzangu, msiharakishe kusema mwanamke huyu hana adabu. Nisikilizeni kwanza.

Mimi ni mzaliwa wa Nambis, Mbulu. Nimeolewa huku Endasak, chini ya mlima Hanang. Siku niliyotolewa nyumbani, baba yangu hakunipa kabati wala makochi. Alinipa mkokoteni wa ng'ombe. Chama cha ushirika kilipokufa na mali zake kuuzwa kama vyuma chakavu, baba alinunua ekseli ya nyuma ya Landrova ya chama, ule mhimili wa chuma unaobeba tairi mbili, akaitengenezea kitanda cha mbao za mkaratusi. Haikuwahi kupinda. Ilibeba mawe, ilibeba maji, ilibeba wagonjwa, ilibeba jeneza la bibi yangu.

Baba aliwaambia wakwe zangu mbele ya wazee wa pande zote mbili: "Huu mkokoteni ni wa binti yangu. Akikaa, unakaa. Akirudi, unarudi." Wazee wakaitikia. Mume wangu Marseli naye aliitikia, nilimsikia kwa masikio yangu!

Tukaishi. Maksai walikuwa wa baba mkwe, mkokoteni wangu, na kila mavuno mahindi yetu yalifika nyumbani mapema. Nilikuwa na furaha, sitadanganya.

Kisha ikaja pikapu...

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, tumetoka kukatwa Arusha, na magari yaliyotumika yalianza kuingia kwa wingi. Marseli na kaka zake walichanga wakanunua pikapu ndogo ya kubeba wafanyabiashara wa mnada wa Katesh. Ingeishia hapo, leo nisingekuwa naandika. Lakini kulikuwa na kijana mwingine mwenye pikapu, anaitwa Safari, mdomo mrefu kuliko barabara ya Singida. Wakaanza kubishana gari la nani linaondoka kwa kasi.

Kiangazi, ziwa Balangida linaporudi nyuma, linaacha uwanda mweupe, mgumu, uliolala kama meza. Hapo ndipo walipokwenda kushindana. Magari mawili yanasimama sambamba, mtu anashusha kitambaa, yanaruka, na wa kwanza kufika kwenye pipa ndiye mwanaume. Basi! Mchezo wenyewe ni huo. Hauchukui hata muda wa kumvalisha mtoto kiatu.

Marseli akatoa injini ya pikapu akaweka kubwa zaidi. Injini kubwa, ekseli ya nyuma ile ile, nyembamba kama mkono wa mgonjwa! Akiachia klachi kwa hasira, kah! Hafushafti, kile chuma cha ndani kinachozungusha tairi, kinakatika. Akanunua nyingine. Kah! Safari akawa anamwita "Bwana Kah" mpaka sokoni.

Tangu hapo nyumbani kwangu hakukuzungumzwa kingine. Sio mtoto, sio bati la jikoni linalovuja. Ekseli! Alilala na ekseli, aliamka na ekseli. Ya pikapu nyingine haina nguvu, itakatika tena. Ya lori ni pana, tairi zitatoka nje kama masikio ya punda. Anayoitaka iwe nene lakini isiwe nzito, na upana utoshe... Alikuwa anapima kwa kamba, anarudi, anapima tena. Mimi nilikuwa napika, sikujua kwamba anapima mkokoteni wangu.

Sasa niwaeleze jambo la kwetu kwa wasiolijua. Huku tukishavuna, mashamba huwa ya wote kwa malisho. Kijiji kinakaa mkutano, kinatangaza siku, na siku hiyo mifugo ya kila mtu inaachiwa mashambani ikale mabua. Aliyechelewa kuondoa mahindi yake hana wa kumdai. Tangazo ametangaziwa! Mwaka huo ilitangazwa Jumatatu.

Sikuwa na wasiwasi. Mahindi yangu nilikuwa nimeyalundika shambani, nasubiri tu kuyasomba. Nikaenda Nambis kumwona mama aliyekuwa anaumwa, nikijua nikirudi Alhamisi, siku mbili za mkokoteni zinatosha na kubaki.

Alhamisi nikarudi. Mkokoteni wangu umekaa chini kwa tumbo, umeegemezwa mawe, hauna miguu. Tairi hakuna. Ekseli hakuna.

Nilidhani wezi! Nikapiga kelele. Mama mkwe akatoka ndani taratibu, anajifuta mikono.

"Unalilia nini? Mwenye nyumba kachukua."

"Kapeleka wapi, mama?"

"Kwenye gari yake. Ni chuma kimehama banda, hakijaenda Kenya."

Nilimkuta Marseli kwa fundi wa kuchomelea, amelala chini ya pikapu, anapiga mluzi. Nilimwambia Jumatatu mifugo inaachiwa. Akanijibu bila kutoka: "Mama Editha, naazima tu. Jumamosi nashindana, jioni narudisha. Jumapili una siku nzima."

Halafu nikaona kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka nashindwa kuamua nicheke au nilie.

Ekseli ya mkokoteni haina hafushafti ndani, maana mkokoteni unavutwa na ng'ombe, hauhitaji. Baba alizitoa siku ile ile alipoutengeneza, moja akampa jirani, nyingine akaifanya mtaimbo wa kuvunjia mawe shambani. Na mtaimbo huo alinipa pia, ulikuja juu ya mkokoteni. Wanawake wa kwetu wanaujua, nusu ya mitaimbo ya Nambis imetoka tumboni mwa magari. Sasa Marseli upande mmoja alipata hafushafti kwa muuza vyuma wa Katesh. Upande wa pili alikosa. Basi akachukua mtaimbo wangu! Meno yake ya mwisho, yale yanayoshika gia, yalikuwa yameshasagika kwa mawe, fundi akayajaza kwa kuchomelea, akayapiga tupa, wakauingiza.

Nikamwambia, "Baba Editha, chuma hicho kimevunja mawe tangu mimi nikiwa darasa la tatu. Kimechoka. Na hapo mlipokichomelea ndipo kitakapokatikia."

Wakacheka wote wawili. "Shuleni mlifundishwa magari?" Marseli akauliza. "Wewe si ulisoma Kilimo?"

Ndiyo, nilisoma Kilimo! Na mahindi yangu yalikuwa shambani!

Jumamosi ikafika. Niliomba ashindwe... nisamehewe, lakini niliomba kwa sala kabisa. Akashinda! Ekseli ikashika, mtaimbo ukashika, pikapu ikaruka kama swala. Wakamrudisha nyumbani wamembeba juu juu. Lau angeshindwa siku ile, mahindi yangu yangepona. Kumbe ushindi wake ndio msiba wangu. Safari alidai marudio, na Marseli kwa sifa akasema hata Jumatatu!

"Na ekseli yangu?" nikamuuliza.

"Unataka nikaanze kufungua nati wakati watu wananisubiri? Azima mkokoteni kwa majirani."

Majirani gani? Jumapili baada ya misa kila mwenye mkokoteni alikuwa anasomba yake, wanakimbizana na siku kama mimi. Nani angeniachia? Nilibeba kwa kichwa. Gunia kichwani, Editha mgongoni, naenda narudi, naenda narudi, mpaka shingo ikawa haigeuki. Jioni lundo lilikuwa halijapungua hata robo. Marseli alikuwa anaosha pikapu.

Jumatatu asubuhi niliwahi shambani. Nimewakuta ng'ombe wameshaingia. Nikakimbia na fimbo, nawapiga, natukana, nalia... Nikatazama alama kwenye masikio. Mnajua walikuwa wa nani? Wa baba mkwe! Shemeji yangu mdogo amekaa juu ya kichuguu, anachonga fimbo, akaniambia, "Shemeji, si imetangazwa?"

Chakula cha mwanangu cha mwaka mzima! Na mbegu ndani yake! Kilikuwa kinatafunwa mbele ya macho yangu na mifugo ya nyumba ninayoipikia.

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Niliokota gunzi moja, nikashuka kwa miguu mpaka uwandani.

Nimefika magari yameshapangwa. Kitambaa kikashushwa. Safari akaondoka. Marseli akaachia klachi, pikapu ikainua pua... KAH! Ikasimama pale pale. Injini inanguruma peke yake, tairi hazina habari.

"Mtaimbo umerudi kuchimba!" mtu akapaza sauti. Watu wakaanguka kwa kicheko. Safari akachungulia dirishani: "Marseli, funga maksai twende!"

Marseli akashuka amenuna, akaniona. Na mnajua neno lake la kwanza? "Mtaimbo wa baba yako ni mbovu."

Ndipo nikarusha.

Jioni wakaniita kikao. Mama mkwe akauliza kwa mshangao wa kweli, "Tangu lini mwanamke akawa na ekseli?" Wazee walewale walioitikia siku ya harusi wakasema hawakumbuki vizuri. Wakaamua nitoe kondoo wa kuomba msamaha kwa kumwaibisha mume. Kuhusu mahindi wakasema ni bahati mbaya. Bahati mbaya! Marseli aliinamisha kichwa, jicho limevimba, hakunitetea.

Nikaenda ofisi ya kata. Nilimwamkia karani shikamoo, nikaeleza. Akakuna kichwa. "Binti, kesi ya ekseli hatujawahi kupokea. Tuandike ugomvi wa ndoa, itakwenda haraka."

Nikamwambia hapana. Ugomvi wa ndoa wataniambia nivumilie. Nataka iandikwe mali. Nipe karatasi, naandika mwenyewe.

Dada zangu, wenzangu mnaoolewa mwaka huu na kesho kutwa. Sisemi msiolewe na wenye magari. Nasema hivi: kilicho chako kikianza kupimwa kwa kamba, uliza siku hiyo hiyo. Usisubiri ukikute kimekaa kwa tumbo! Ukiambiwa "naazima tu", jibu kwamba kwanza mavuno, mashindano baadaye. Na wazee wanapoitikia jambo lako, hakikisha kuna mtu wa upande wako atakayelikumbuka. Mimi nilikaa kimya kwa heshima. Heshima yangu imeliwa na ng'ombe.

Na nyinyi akina kaka mnaotafuta ekseli ya kutosha injini zenu, mnunue. Msiangalie chini ya mikokoteni ya wake zenu.

Nilichowasilisha ni hiki, neno kwa neno:

*Kwa Mwenyekiti, Baraza la Kata.*

*Yah: Kung'olewa ekseli ya mkokoteni wangu.*

*Mimi Fausta, mkazi wa Endasak, namlalamikia mume wangu Marseli. Aling'oa ekseli ya mkokoteni niliopewa na baba yangu, bila ruhusa yangu, akaifunga kwenye pikapu kwa ajili ya mashindano. Kwa sababu hiyo sikusomba mahindi yangu kabla ya siku iliyotangazwa, yakaliwa na mifugo ya baba yake.*

*Siwalalamikii wenye mifugo. Siku ilitangazwa, nami niliisikia. Namlalamikia aliyeninyima miguu ya kuiwahi.*

*Naomba Baraza liamuru: ekseli irudi, aifunge mwenyewe kwa mikono yake, mchana, watu wakiona. Mahindi yalipwe kwa mahindi, kutoka ghala la baba yake. Mtaimbo vipande vyake abaki navyo, avitazame.*

*Kielelezo: gunzi moja, lililotafunwa.*

*Kondoo sitoi.*