Mto wa Hatua ya Arobaini na Moja

Stima ilikuwa imepotea Lurambi yote tangu asubuhi, na kila mwenye simu alikimbilia kibanda chenye jenereta karibu na soko. Patroba alibahatika kupata tundu la mwisho la kuchajia, bega kwa bega na msichana aliyevaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa vizuri. Msichana alikuwa akiitukana simu yake kwa sauti ya chini.

"Nani amekukosea?"

"Huyu tumbili. Wiki tatu anazama kwa mto mmoja. Hatua ya arobaini na moja. Mwenye alitengeneza hii gemu nikimpata, nitamshona mdomo. Mimi ni fundi wa nguo, sindano ninayo."

Mto ule ulikuwa wa Patroba. Kampuni moja ya Nairobi ilimlipa kupanga ugumu wa kila hatua ya gemu hiyo akiwa chumbani kwake, na hapo ilimwagiza aharakishe maji mpaka asivuke mtu bila kumnunulia tumbili mbawa kwa pesa. Mkataba ulimfunga mdomo, na kazi nyingine hakuwa nayo.

"Si ununue mbawa uvuke?"

"Ninunue kushinda? Sasa nitakuwa nacheza nini?"

Jibu hilo lilimmaliza Patroba, akamwomba namba. Kufikia mwezi wa pili, msichana huyo, Nafula, alikuwa akimpigia kila mchana.

"Beb, umekula?"

"Nimekula. Tumbili wako je?"

"Amezama. Lakini nitamvusha, wewe ngoja."

Patroba akashindwa kungoja. Asubuhi moja aliingia kwenye mitambo ya gemu akapunguza kasi ya maji, kwa Nafula peke yake. Aliona ni zawadi.

"Nimevuka," Nafula alimwambia, akihema. "Haki nimevuka, Patroba. Nimemwambia mpaka mama. Anasema nikulete Jumapili moja, atakuchinjia kuku, ingokho ya kwetu."

Raha hiyo haikumaliza wiki. Mteja mmoja wa Nafula, Immaculate, alikuwa amekwama hapo hapo, Nafula akachukua simu ya mteja huyo ili amwonyeshe. Tumbili alizama mara kumi na mbili. Akaziweka simu mbili kando kwa kando, akatazama, kisha akampigia Patroba.

"Kwa Immaculate maji yanakimbia. Kwangu yamelala. Wewe unafanyanga kazi gani kwa hiyo kompyuta?"

Patroba akasema yote.

"Ulikuwa unanicheka?"

"Nilikuhurumia, mpenzi."

"Nilikuomba huruma?"

Siku kumi na moja Nafula hakushika simu. Patroba alibaki chumbani kama aliyefungiwa, akisoma barua za bosi za kumpongeza kwa sababu watu wengi zaidi walikuwa wamekwama. Alimkumbuka Nafula mpaka chakula kikamshinda. Alhamisi alipunguza kasi ya maji kwa wachezaji wote, akaacha ugumu wa kumtoa mtu jasho, wala hakumpendelea Nafula. Kisha akamwandikia bosi kwamba ni yeye aliyefanya hivyo. Kabla ya saa sita alikuwa hana kazi.

Alimkuta Nafula kwenye cherehani yake huko Shieywe, akamweleza akiwa amesimama mlangoni.

"Watarudisha vile ilikuwa," Nafula alisema.

"Pengine kesho."

"Basi tuko na leo. Kaa hapo. Ukigusa hii simu, unaenda kwenu."

Patroba alikalia mikono yake, Nafula akaanza hatua ile upya. Tumbili alizama, akazama tena. Kila mara Patroba alijua kosa liko wapi, na kila mara alimeza maneno. Jaribio la kumi na tisa, tumbili alishika tawi la ng'ambo.

Nafula aliweka simu chini, akajifuta macho.

"Hii ndiyo nilikuwa nataka. Ulikuwa umeniibia hii."

"Najua. Nisamehe."

"Mama akikuuliza kazi, utasema nini?"

"Kwamba sina."

"Na akiuliza kwa nini?"

"Nitamwambia."

Nafula alimtazama kuanzia viatu hadi fulana iliyofifia.

"Hauwezi enda kwetu Jumapili na hiyo kitu," alisema, akichukua futi ya kupimia. "Simama nikupime shati."