Mkono wa Pole Laatsch

Mita mia mbili.

Huo ndio umbali uliokuwa kati ya Gaudenz Thöni na mtu aliyemkimbiza, na kwa nusu saa nzima haukupungua hata kidogo. Njia ya baiskeli ilishuka kutoka kijiji cha Burgeis, kaskazini mwa Italia, nyembamba, laini, karibu tupu. Upande mmoja mto Adige, upande mwingine mashamba ya matofaa yaliyofunikwa nyavu. Mtu wa mbele alipanda Colnago nyeupe. Gaudenz alipanda Pinarello nyeusi, na chini ya jezi yake, mgongoni, bastola ya Beretta ilimgonga uti kila alipokanyaga pedali.

Yeye alikuwa na miaka arobaini na tisa. Yule wa mbele, thelathini na mbili.

Mapafu yake yalikuwa yameshapiga hesabu hiyo.

"Tisa, uko wapi?" Sauti ilitoka kwenye kipokeo kidogo kama punje ya harage, ndani ya sikio lake. Ilikuwa ya Loredana Brusati, mkuu wake, aliyeketi Roma na kumwita kwa namba yake ya kazi.

"Chini ya Burgeis. Namwona."

"Mpige."

"Kuna familia ya watalii kati yetu."

"Mpaka uko mbele. Anatakiwa kuvuka saa sita. Akivuka, tumemkosa."

Mtu huyo aliitwa Joost Verhage. Zamani alikuwa mshindani wa mbio za baiskeli huko kwao Flanders, kwenye nchi tambarare. Siku hizi alikuwa tarishi wa kukodiwa, hodari, asiyeuliza maswali. Mahali fulani mwilini mwake alibeba kadi ya kumbukumbu ndogo kuliko ukucha, na ndani yake yalikuwa majina kumi na tisa. Hao ni watu waliosimama mahakamani wakatoa ushahidi dhidi ya kundi la wauza silaha, kisha Serikali ikawapa majina mapya na nyumba mpya. Msaliti aliyeyaiba majina hayo hakuthubutu kuyapitisha kwenye mtandao. Alitaka kadi ifike mkononi mwa wanunuzi, na wanunuzi walikuwa wakingoja Müstair, hatua chache ndani ya Uswisi.

Ikifika, watu kumi na tisa watauawa mmoja baada ya mwingine.

Wa saba katika orodha aliitwa Kreszenz. Alikuwa dada yake Gaudenz, tumbo moja.

Hakuwa amemwona kwa miaka sita. Hakujua siku hizi anaitwa nani wala analala wapi. Alijua jambo moja tu: Kreszenz alikuwa karani wa ghala, aliona masanduku asiyotakiwa kuyaona, akataka kunyamaza. Gaudenz ndiye aliyekwenda kwake Jumapili moja baada ya Misa akamwambia aseme kweli, Mungu atamlinda.

Maneno hayo alikuwa ameyabeba tangu siku hiyo kama jiwe kwenye kiatu.

"Saba yuko salama?" aliuliza, na ilikuwa mara ya tatu asubuhi ile.

"Wote wako mahali pao, Tisa. Endesha."

Akaendesha.

Kwenye daraja la Schleis wale watalii walisimama katikati kupiga picha ya mnara wa kanisa. Gaudenz alishika breki, gurudumu la nyuma likateleza, akapita ubavuni mwao kwa upana wa kiganja. Alipoinua kichwa, njia ilikuwa tupu.

Aliikuta Colnago nusu kilomita mbele, imelala kwenye mfereji wa kumwagilia. Tairi la mbele lilikuwa halina upepo, mwiba mrefu umesimama ndani yake. Alichomoa kifuniko cha usukani, akaangalia ndani ya bomba la tandiko. Hakuna kitu. Majani yaliyokanyagwa yalielekea juu, kwenye malisho.

Kupanda kumfuata kungekula saa nzima. Lakini Verhage sasa alikuwa anatembea kwa miguu, na mtu wa miguu anayekwenda Müstair kutoka pale lazima ashukie kijiji cha Laatsch. Ndivyo Gaudenz alivyojiambia. Hakuwa na hakika. Kwa miaka ishirini na miwili katika kazi ile alikuwa ameona mambo mengi yenye hakika yakiharibika, na hili halikuwa na hakika yoyote. Alishuka bondeni akisali. Hakuomba ushindi. Aliomba tu asichelewe.

Watu wote wa Laatsch walikuwa nje. Ndiyo siku ng'ombe wanaposhuka kutoka mlimani baada ya majira ya joto. Meza zilikuwa zimepangwa kando ya barabara, maandazi yaliyojazwa mbegu za popi yakitoa mvuke, na bendi ya matarumbeta imesimama tayari mbele ya kanisa.

"Tumsifu Yesu Kristo," Gaudenz alimsalimu Vinzenz Patscheider, mzee mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote ya bendi.

"Milele amina. Angalia hiyo miguu iliyonyolewa. Mke wangu akiiona ataniuliza ulinunua wembe duka gani."

Kwa watu wa bonde lile Gaudenz alikuwa kiongozi wa watalii wa baiskeli, si zaidi. Akamuuliza mzee kama amemwona mgeni mrefu akipita kwa miguu. Vinzenz akasema hajamwona, na kwamba leo macho yake yalikuwa kwa ng'ombe wa Serafin Wallnöfer. Alieleza kwamba Serafin alikuwa amepiga simu alfajiri. Majira yote hakufa ng'ombe, hakuvunjika mtu mguu. Mataji ya maua na misonobari yalikuwa tayari, na yeye na mkewe Ottilia wangewavisha ng'ombe kwenye kiwanja cha mwisho juu ya kijiji, ndipo waingie kwa shangwe. Mzee alipasha midomo moto kwa ajili ya tuba yake.

Saa ya mkononi ya Gaudenz ilionyesha saa tano na dakika thelathini na tano.

"Tisa, sema kitu," alisema Brusati.

"Sina cha kusema."

Ndipo ng'ombe walipotokea kwenye kona.

Walikuwa arobaini, wa kijivu. Walikuja bila sauti. Kengele kubwa zilining'inia shingoni, lakini zote zilikuwa zimesokomezwa nyasi kavu. Hakuna taji hata moja, wala ua, wala utepe.

Vinzenz alishusha tuba taratibu mpaka chini.

Hakuna aliyeuliza kitu. Mtu wa bonde lile hahitaji kuambiwa. Ng'ombe hushuka wamepambwa kama mlima umewarudisha wote. Wakishuka watupu na kengele zimezibwa, kuna aliyefia juu. Mbele ya kundi alitembea Ottilia peke yake, uso mweupe kama chokaa, na Serafin hakuwa kando yake. Kwa hiyo wote walijua aliyekufa ni nani. Wanaume walivua kofia. Wanawake walipiga ishara ya msalaba. Padri akaanza, "Raha ya milele umpe ee Bwana," na kijiji kikamwitikia.

Gaudenz alivua kofia yake ya baiskeli.

Serafin alikuwa mzima alfajiri. Hakuna gari la wagonjwa lililopanda, hakuna aliyemwita padri. Alikuwa amekufa saa hii, juu pale, mahali nyayo zilipoelekea.

Akatazama nyuma ya kundi. Msaidizi mmoja alikuwa akiwasukuma ng'ombe wa mwisho. Alikuwa mtu mrefu, amevaa aproni ya bluu kama wachunga ng'ombe wote wa bonde lile, fimbo mkono wa kushoto, mkono wa kulia umezama chini ya aproni. Kijiji kizima kilikuwa kichwa wazi kwenye jua la Septemba.

Yeye alikuwa na kofia yake kichwani.

"Nimempata," Gaudenz alinong'ona.

"Piga."

"Kuna watu mia mbili hapa."

"Tisa, zimebaki dakika ishirini."

Alikitoa kipokeo sikioni akakitia mfukoni.

Verhage alimsogelea Ottilia, karibu mno. Alitaka kundi lisisimame, lipite moja kwa moja kwenye barabara ya Taufers hadi kwenye mpaka. Lakini kundi lililoleta msiba halipiti hivihivi. Watu walikuwa wameshapanga mstari. Mmoja mmoja walikwenda kwa Ottilia wakampa mkono, kisha wakampa mkono yule aliyetembea naye. Hiyo ndiyo desturi: wote walioshuka na kundi hupewa mkono wa pole, hata kibarua wa siku moja. Na mkono wa pole ni wa kulia.

Mwanamke wa kwanza alimnyooshea Verhage mkono. Akatoa wa kushoto.

Mwanamke akautazama, kisha akamtazama usoni.

Wa pili, vilevile. Mnong'ono ulipita kwenye mstari. Verhage aliuona, hakuuelewa. Alikuwa amezungukwa na watu wasio na silaha, wenye macho mekundu, wanaozidi kumsogelea, na hakujua wanataka nini kwake.

Gaudenz alikuwa wa tano.

Alimpa Ottilia mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Macho yake yaliondoka kwa Gaudenz yakashuka kwenye aproni ya bluu, yakarudi.

Gaudenz alielewa. Akasogea hatua moja hadi kwa msaidizi.

"Pole, ndugu," alimwambia Verhage, na akanyoosha mkono wa kushoto.

Verhage akaushika kwa nafuu ya mtu aliyekutana na mwenziwe. Gaudenz aliubana, akauvuta kwa nguvu zote mbele ya kifua chake, na kwa kiganja cha kulia akausukuma mkono uliokuwa chini ya aproni kuelekea ardhini.

Mlio wa risasi ulikuwa mdogo, kama kizibo kinachotoka. Bastola ilikuwa na kizima sauti.

Risasi ilipita kwenye kiatu cha Verhage mwenyewe.

Ng'ombe walirudi nyuma, meza ikapinduka. Verhage alimpiga Gaudenz kichwa cha pua, damu ikatoka, lakini Gaudenz hakuachia. Walianguka pamoja kwenye lami. Goti la Gaudenz likapata kiwiko cha Verhage, kiwiko kikavunjika, bastola ikatelezea miguuni mwa Vinzenz, na mzee akaikalisha tuba yake juu yake, kilo zote kumi.

"Wewe," mzee alimwambia Verhage, "hata kofia hukuvua."

Ilikwisha hapo.

Ottilia alieleza kwa maneno machache. Mtu yule aliwakuta kiwanjani wakivalisha mataji. Serafin alimkataza kupita na ng'ombe, mgeni akampiga risasi ya kifua. Kisha akavaa aproni na kofia ya marehemu akamwamuru Ottilia ateremke kama kawaida, la sivyo naye atamfuata mumewe. Ottilia akayavua mataji moja moja, akaziba kengele. Mgeni akamuuliza kwa nini. Akamjibu kwamba barabarani kengele huwatisha ng'ombe.

"Akafurahi," alisema Ottilia. "Aliniambia vizuri, kimya ni bora."

Gaudenz alimpekua. Kwenye mfuko wa nyuma wa jezi, chini ya aproni, kulikuwa na vifuko vinne vya jeli ya sukari, vile wanavyokula waendesha baiskeli. Kimoja kilikuwa kimefungwa tena kwa gundi. Alikibana kwa vidole na akahisi kitu kigumu. Kadi.

Kengele za saa sita zilipiga kanisani. Polisi waliingia kutoka upande wa Glurns. Gaudenz alisimama kando ya ukuta, akajifuta damu, akakirudisha kipokeo sikioni.

"Kadi ninayo. Haikufunguliwa."

Brusati alishusha pumzi. "Hongera, Tisa. Umeokoa watu kumi na wanane."

Gaudenz alitazama mbele yake. Ng'ombe mmoja alikuwa anakula maandazi yaliyomwagika.

"Kumi na tisa," alisema.

Alikisukuma kipokeo ndani zaidi ya sikio.

"Bi Loredana. Kumi na tisa."

"Msaliti aliwapa jina moja mapema, kwa mdomo. Kionjo, wajue kwamba mali ni ya kweli. Lilikuwa la saba. Leo saa moja na nusu asubuhi, mlangoni kwake. Alikuwa anatoka kwenda Misa."

Amri ya kumfukuza Verhage ilikuwa imemfikia saa nne.

"Ulijua uliponipigia."

"Nilijua. Ningekuambia, ungeendesha?"

Gaudenz alitafuta jibu moyoni mwake, kwa uaminifu, kama anavyotafuta mtu kabla ya kuungama.

Brusati alimwambia mengine kwa sauti ya chini. Kreszenz atazikwa kwa lile jina jipya. Mahali pasingetajwa. Gaudenz asingeweza kwenda, na anajua sababu. Gaudenz alisema anajua. Akasema pia kwamba mtu aje Laatsch kuichukua kadi, kwa sababu yeye hataileta Roma. Kisha akakitoa kipokeo, akakiweka pamoja na kadi ndani ya bahasha ya polisi, akatia saini.

Barabarani mtu alikuwa akiuliza nani atamsaidia Ottilia kuwafikisha ng'ombe zizini. Viwele vilikuwa vimejaa, na ng'ombe hangoji msiba wa mtu.

Gaudenz aliinua Pinarello yake. Hakuipanda. Alitundika kofia kwenye usukani, akaingia nyuma ya kundi, akaanza kutembea akiisukuma, kichwa wazi, polepole, kwa mwendo wa wale wanyama. Hakuwa na haraka tena ya kitu chochote.

Vinzenz alimfikia mbele ya nyumba ya mwisho. Alimwona anatembea na walioshuka na kundi, akaona ndivyo inavyopasa. Akanyoosha mkono wa kulia.

"Pole, Gaudenz."

Gaudenz aliupokea, akaushika kwa muda mrefu kuliko desturi, kisha akauachia na kuendelea kutembea.