Mtandio Kwenye Ukungu

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta shoga yangu, yule mfua nguo, na mpaka leo ukimuuliza anakwambia niache nipumzike.

Yeye na dada yake walikuwa hawasemezani kwa ajili ya cherehani ya marehemu mama yao. Watoto wao wakachoka nao, wakawapeleka milimani wakapumzike, wapande kuona maporomoko ya maji. Kupumzika gani huko, na magoti yenyewe yanalia?

Wakati wa kushuka, wao wawili tu, mchana kweupe, ukungu ukawafunika. Kushikana mikono hawataki, basi kila mmoja akashika ncha ya mtandio, shoga yangu mbele, dada nyuma. Hakusikiki kitu ila maji kwa mbali na viatu kwenye tope.

Shoga yangu akasema bila kugeuka, "Dada, chukua hiyo cherehani. Mimi nimechoka kugombana."

Mtandio ukavutwa kidogo, taratibu, kama mtu anayekubali. Akalia, mzigo umemtoka.

Kufika nyumba ya wageni, dada yake huyo hapo barazani, viatu kashavua, kikombe mkononi.

"Ulikuwa wapi wewe? Si nilikuachia mtandio wako kule juu, nikapita njia ya mkato? Nimekuaga, ukaninunia kama kawaida yako!"

Shoga yangu akageuka. Mtandio ulikuwa bado umenyooka nyuma yake, ncha ya pili imo ndani ya ukungu, na ulikuwa unavutwa, taratibu.