Mumbe wa Kaindi

Jioni ile nilikuwa nampelekea dada yangu chakula.

Hakuna ajabu hapo. Kila jua lilipokaribia kuzama nilifunga sahani kwenye leso, nikavuka barabara ya Ukunda hadi kwenye duka la kompyuta alikofanya kazi, kwa sababu mtu yule akishakaa mbele ya mashine husahau kama ana tumbo. Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Mtandao ulikuwa kitu kigeni, na wengi wetu tulidhani ni mambo ya wazungu wa Diani na mahoteli yao. Dada yangu ndiye aliyewafungulia wateja mashine. Wateja wakiondoka, anajifungulia mwenyewe.

Jambo moja mlijue mapema: sote wawili tuliitwa Mumbe. Msicheke. Sisi ni Wakamba, watu wa mashamba ya Shimba Hills, na kwetu mtoto hupewa jina la nyanya yake. Nyanya yetu Mumbe alizaa mabinti wawili, Mwongeli na Kaindi, na kila mmoja akampa bintiye jina hilo. Mwongeli alifariki mwanawe akiwa bado mchanga. Kaindi, mama yangu, akamchukua akamlea. Mimi nilipozaliwa nilimkuta nyumbani, tayari anamwita mama yangu mama. Sijawahi kumwita binamu. Alikuwa dada yangu, basi, na watu wakatutenganisha kwa Mumbe Mkubwa na Mumbe Mdogo.

Nilipoingia dukani alikuwa anacheka peke yake.

“Njoo uone vituko,” akasema bila kugeuka.

Alikuwa amejiunga na kikundi cha wapenda vitabu. Watu wasiojuana, huyu yuko Nakuru, yule yuko Uingereza, mwingine hasemi aliko, wanaandikiana na kuulizana maswali ili wafahamiane. Kitabu gani unakipenda kuliko vyote? Kipi kilikuliza? Unaogopa nini? Utotoni walikuita nani? Dada yangu alijibu yote, maana kwa vitabu hajiwezi. Mimi niliona ni uchakubimbi tu, umbeya wa kawaida, ila huu umepitishwa kwenye waya wa simu.

“Huyu anaitwa Randu,” akasema. “Ana Kiswahili kitamu! Nimemuuliza kitabu anachokipenda, ona alivyonijibu.”

Nikainama nisome.

*Kitabu changu hakina hadithi. Kina majina tu.*

“Basi ni kile kitabu cha namba za simu,” nikasema. Tukacheka mpaka akapaliwa na ugali.

Maandishi mengine yakatokea. *Sasa ni zamu yangu kuuliza. Jina lako la nyumbani ni nani?*

Mumbe, akaandika.

Kioo kikatulia. Kisha...

*Na mama yako?*

Dada yangu hakusita. Kwa nini asite? Mama aliyemjua ni mmoja. Akaandika Kaindi, na mimi niliyesimama nyuma yake nikaona fahari, nasema kweli, kwamba mama yangu anapendwa kiasi kile.

Ndipo nikasikia.

Shwaaa...

Sauti ya ukurasa ukifunuliwa, karibu kabisa na sikio langu. Nikageuka. Duka zima halikuwa na kitabu hata kimoja. Kisha ikaja harufu ya ubani, nzito, na chini yake harufu ya karatasi iliyolowa.

“Umesikia?” nikanong’ona.

“Nini?”

Kwenye kioo kulikuwa na neno moja tu. *Ahsante.*

Kesho yake nilitoka na mahamri na mbaazi zangu kama kawaida. Mimi si mtu wa kukosa wateja. Mdomo ninao, na mbaazi zangu zina nazi ya kweli, si ile ya kuoshea sufuria. Lakini asubuhi ile watu walipita. Walinipita huku wananitazama, macho yao yakinivuka kama mtu anayetazama ng’ambo ya barabara. Mbaazi zikapoa. Akapita Charo, bawabu wa hoteli, anayekula kwangu kila atokapo zamu.

“We Charo! Wanipita hivyo, tumegombana?”

Akashtuka kama aliyekanyaga kitu.

“Samahani dada, sikukuona.” Akanitazama kwa adabu, vile mtu anavyomtazama mgeni. “Wewe u mpya hapa?”

Nilidhani ananitania. Nikafungua kinywa nimrudishie.

Shwaaa...

Harufu ya ubani. Charo akageuka akaenda zake, na nilimwona hata hakumbuki kwamba alisimama.

Hofu ikaniingia. Nikaacha chungu palepale, nikakimbilia kwa Bi Mwanatumu, mwenye nyumba wetu, Mdigo mtu mzima, mkali kwa kodi lakini mwema kwa mtu. Nilimkuta uani akianika nazi.

“Shikamoo Bi Mwanatumu.”

“Marahaba.” Akakunja uso, akanitafuta, kisha akawa kama mtu aliyeokota kitu kilichomponyoka. “Ah... Mumbe. Una nini, mwanangu?”

Nikamweleza. Nilipofika kwenye kile kitabu chenye majina matupu, mikono yake ikaacha kuanika.

“Aliuliza jina,” akasema polepole. “Na la mama pia aliuliza?”

“Ndiyo.”

“Lahaula.” Akasogea karibu, sauti akaishusha. “Hicho si kitabu cha kusoma. Ni cha kutazamia. Mganga wa kitabu hataki unywele wala ukucha. Mpe jina lako na la mamako, apiga hesabu, aipata nyota yako. Mwema atakusomea tu. Mbaya aichukua. Na nyota ya mtu ndiyo huwafanya watu wamwone.”

“Lakini mimi sikuandika hata neno! Aliyeandika ni Mumbe Mkubwa.”

“Aliandika Mumbe wa nani?”

“Wa Kaindi.”

Bi Mwanatumu akanitazama kwa huruma iliyonitisha kuliko maneno yake.

“Na Mumbe aliyezaliwa na Kaindi ni yupi?”

“Mimi,” nikasema.

“Nenda kwa mamako,” akaninong’oneza. “Nenda sasa hivi, akutaje jina kwa kinywa chake. Akikutaja yeye, huenda huyo mganga asikuweze. Mimi sijui zaidi ya hapo, mwanangu, nisikudanganye.”

Nilipotoka nikamsikia nyuma yangu akimuuliza jirani, “Nani yule aliyetoka hapa?”

Nilifika Shimba Hills mchana. Mama alikuwa ameketi kivulini akipukuchua mahindi, kitambaa chake kikiwa kimeteleza nyuma ya kichwa kama siku zote. Nikapiga hodi nyumbani kwetu. Kwetu, ambako sijawahi kupiga hodi.

“Karibu,” akasema. Akasimama akanitolea kiti.

Mama hawatolei watoto wake kiti.

“Mwaitu,” nikamwita, kama tunavyowaita mama zetu Kikamba. “Mwaitu, ni mimi.”

Akatabasamu kwa wema. Akaniletea maji kwenye kikombe cha wageni, kile chenye maua.

“Unatoka mbali, binti? Unamtafuta nani?”

“Mimi ni Mumbe.”

“Jina zuri. Hata mimi nina Mumbe wangu, yuko Ukunda. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, lakini nimemlea mimi.” Akarudi kwenye mahindi yake. “Mungu hakunijalia wa tumbo langu.”

Nililia mbele yake. Alinishika bega, akanibembeleza, akaniuliza kama nimefiwa. Mkono ulikuwa ule ule. Harufu yake ya moshi na mafuta ilikuwa ile ile. Nilitaka kumpigia kelele mpaka mahindi yaruke, lakini utampigiaje kelele mtu anayekubembeleza? Nilipoondoka alinifungia mahindi ya njiani, kama afanyavyo mtu mkarimu kwa mpita njia.

Giza lilikuwa linaingia nilipofika dukani. Dada yangu akainua macho.

“Karibu. Nikusaidie nini?”

Nikasimama pale.

Akakunja uso. Akasimama. Kisha akapiga ukelele mdogo akanishika mashavu kwa mikono miwili.

“Mumbe! Mungu wangu, Mumbe, nilikuwa sikujui. Nimekutazama na nilikuwa sikujui!”

Nikamwambia yote, mpaka kikombe chenye maua. Akakaa, akamwandikia Randu: *Ulichochukua kirudishe.*

Jibu likaja papo hapo, kana kwamba lilikuwa linangoja.

*Mumbe wa Kaindi ni wangu. Nimepewa.*

*Umepewa na nani?*

*Na wewe.*

Harufu ya ubani ikajaa dukani mpaka macho yakawasha. Taa ikafifia. Nikasikia kurasa, si moja sasa, nyingi, zikifunuliwa haraka haraka, na kila moja ilipopita nilihisi nimepungua. Nilitazama mikono yangu juu ya meza. Nilijua ni mikono, lakini nilisahau ni ya nani.

“Tuzime,” nikasema. “Tukimbie.”

“Tukimbilie wapi na mama hakujui?” Akaniangalia. Macho yake yalikuwa makavu. “Mumbe, mimi sikumjua mama aliyenizaa. Nilimjua wako. Alinipa nusu ya kila kitu, hata titi ulilonyonya wewe. Siwezi kumlipa kwa kumwacha tasa.”

Nikaelewa anachotaka kufanya. Nikamrukia mkono. Alinisukuma, yeye ambaye hakuwahi kunisukuma hata tulipokuwa watoto, akaandika kwa vidole vyote.

*Nilikosea. Mumbe aliyekujibu si wa Kaindi. Ni wa Mwongeli.*

Kurasa zikanyamaza.

*Ahsante*, kioo kikasema. Taa ikarudi. Harufu ikaondoka kama ilivyokuja.

Tukatazamana. Alikuwa yule yule, na blauzi yake ya maua madogo. Akajipapasa uso, akacheka kidogo.

“Sijisikii chochote,” akasema. “Twende nyumbani, nina njaa.”

Nilimshika mkono njia nzima. Nilianza kuamini tumeponea chupuchupu. Watu walinisalimu, we Mumbe, leo mbaazi umezificha wapi! Nikawa nacheka na kulia pamoja. Bi Mwanatumu alikuwa mlangoni na taa ya chemni.

“Alhamdulillahi, Mumbe, umerudi! Karibu ndani.” Akainua taa, akamulika pembeni yangu. “Na huyu mgeni wako ni nani?”

Mama aliposhuka kutoka shamba wiki ile alinikumbatia mpaka mbavu zikaniuma. Nikamsukumia dada yangu mbele yake. Mama akampa mkono. Akamtolea kiti. Dada yangu aliketi akanywa maji ya mgeni, akamshukuru, na hakulia mpaka mama alipoondoka. Duka likaajiri mtu mwingine. Alibaki chumbani kwangu, na mimi nikamwapia kwamba dunia yote ikisahau, mimi nitabaki. Kila asubuhi nilimtazama usoni nikasema, wewe ni dada yangu, umelelewa na Kaindi. Naye alinijibu, usichoke.

Sikuchoka. Naapa sikuchoka.

Sijui ilikuwa lini. Ninachojua ni kwamba siku moja kitanda changu kilikuwa cha mtu mmoja na sikuona ajabu. Hadithi hii naisimulia kwa kila anayekaa kwenye benchi langu, kwa sababu nisipoisema siku mbili inaanza kunitoka, na watu wanasema Mumbe anazo hadithi kuliko mahamri. Mama huniambia niache kumzulia marehemu dada yake mtoto. Mimi nashikilia. Nilikuwa na dada. Lakini uso wake sina. Sauti sina. Jina ninalo kwa kuwa tu ni langu.

Leo asubuhi kulikuwa na mwanamke amesimama karibu na chungu changu, hapa mlangoni ninapouzia siku hizi. Sikumwona alipofika. Amechakaa kidogo, mpole, si wa hapa. Nilipohangaika kutafuta upawa, aliingia chumbani mwangu bila hodi akautoa nyuma ya mlango, mahali ninapouweka, akanipa.

Niliudhika. Nikamuuliza amejuaje na mbona anaingia nyumba za watu.

Alinitazama kwa muda mrefu, akingoja kitu.

Nikamfungia mahamri mawili kwenye gazeti, nikamwambia achukue tu bure, maana alionekana hana mtu.