Majaribio Matano ya Mwezi wa Barafu

Kila asubuhi kabla ya shule, Jentrix alipeleka maziwa kwa Mama Zulekha, muuza juisi baridi karibu na msikiti mjini Kitale. Siku hizi alikuwa pia akichungulia kwenye friza, kwa maana humo ndimo mwezi wake ulimokuwa.

Ulikuwa beseni la barafu lenye ufa mwembamba, na wakati wa kujaribu chini yake iliwekwa tyubu ya baiskeli iliyojaa maji. Ukiibana tyubu, maji yanaruka juu kupitia ule ufa. Jentrix na Hamid, mwana wa Zulekha, walitaka kuonyesha volkano za Enseladasi, mwezi wa sayari ya Zohali. Huko hautoki moto. Hutoka mvuke na chembe za barafu.

Walijaribu mara moja tu, Jumapili. Maji yakaruka sentimita arobaini na mbili. Kisha stima ikapotea hadi Alhamisi, barafu ikayeyuka, na maonyesho ya sayansi yalikuwa Ijumaa, Bungoma. Mwalimu Wabwile alikuwa amewaagiza wafanye majaribio matano.

"Si tuandike tu," Hamid alisema. "Arobaini na moja, arobaini na tatu... Nani atajua, bana?"

Jentrix akaandika, huku moyo ukimsuta.

Ijumaa walifika Bungoma na barafu mpya, wameifunika kwa maranda ya mbao isiyeyuke. Ni timu tatu tu ambazo zingeendelea hadi Nairobi, na Jentrix alikuwa ameiota safari hiyo muhula mzima. Hamid alipobana tyubu, maji yaliruka hadi arobaini na moja. Watu wakapiga makofi.

"Vizuri," alisema mwamuzi, Madam Chepkemei. "Hebu rudieni."

Mara ya pili maji yalifika kumi na nane. Mara ya tatu yalichuruzika tu, kwani ufa ulikuwa umepanuka. Madam Chepkemei akafungua daftari lao, akasoma polepole.

"Hapa mara zote tano ni arobaini na kitu. Ati barafu ya Kitale haipanuki ufa?"

Hamid alimkanyaga Jentrix mguu. "Ni joto la Bungoma, Madam!"

Huko nyuma ukumbini, Mwalimu Wabwile alitikisa kichwa kukubali. Maskini, aliwaamini! Hilo ndilo lililomchoma Jentrix kuliko macho ya mwamuzi.

"Si joto, Madam," alisema. "Tulijaribu mara moja tu. Hizo nne nilizitunga."

Hamid akainamisha kichwa. "Tulizitunga sisi wawili," akasema.

Madam Chepkemei akampa Jentrix kalamu. "Futa. Andika ulichokiona leo."

Akaandika: arobaini na moja, kumi na nane, sufuri. Hawakuwa miongoni mwa zile timu tatu. Jentrix alilia waziwazi akikusanya maranda.

Mwalimu Wabwile alichukua daftari, akatia sahihi chini ya zile nambari tatu.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," alisema. "Wanasayansi walipoona dalili za kwanza za mvuke kule Enseladasi, hawakujaza pengo kwa kalamu. Walikipitisha chombo chao cha anga karibu zaidi, wakapima tena. Mwezi ule hakuna kati yetu atakayeukanyaga. Tunaujua kwa neno la aliyepima, basi."

Jumatatu asubuhi Jentrix alileta maziwa na daftari jipya. Hamid alikuwa ameshaziondoa juisi kwenye nusu ya friza, kupisha mabeseni mapya ya barafu.