Flashi Iliyochelewa

Christella ana studio ndogo ya picha katika mtaa wa Kimisagara, kati ya fundi cherehani na duka la rangi. Mlangoni ametundika picha kubwa za maharusi. Kila asubuhi anazifuta vumbi kabla ya kupokea mteja wa kwanza. Chini ya kila picha ameandika jina lake. Anapenda watu walisome.

Siku za kazi anapiga picha za pasipoti na za watoto waliopata komunyo. Jumamosi studio inafungwa. Jumamosi ni siku ya harusi.

Mume wake, Clovis, ndiye msaidizi wake. Anabeba mikoba, anashika taa na kutunza betri. Clovis alikulia Bujumbura, na nyumbani kwao betri ilikuwa kitu cha thamani. Redio ikianza kukoroma, baba yake alitoa betri na kuzianika juu ya bati. Jioni redio ilisema tena. Clovis hajaiacha desturi hiyo. Kila Ijumaa betri za flashi hukaa juani pamoja na za tochi na za redio. Zikipata joto, anachagua mbili kati yake, anaongeza mbili mpya kutoka dukani, na kuzitia zote nne kwenye flashi.

"Mawe yangu hayafi," husema juu ya betri hizo. "Yanapumzika tu."

Christella alikuwa akicheka. Picha zilitoka vizuri, kwa hiyo hakuuliza zaidi.

Jumamosi moja walikwenda Kagarama, nyumbani kwa mzee Évode. Ilikuwa siku ya gusaba, siku ambayo familia ya kijana huja kumwomba binti mbele ya wazee. Familia mbili zilikaa chini ya mahema mawili, zikitazamana. Nje jua lilikuwa kali, na chini ya mahema kulikuwa na kivuli kizito. Mahali kama hapo, kamera bila flashi huona jua na kuziacha nyuso gizani.

Wasemaji wa familia walianza kutaniana, kama ilivyo desturi.

"Kijana wenu huyu tumemtazama," alisema msemaji wa upande wa binti. "Mikono yake laini. Hata kukama hajui!"

"Anajua kukama," alijibu msemaji wa wakwe. "Ng'ombe wenu ndio hawatoi maziwa!"

Watu walicheka na kupiga makofi. Christella alipiga picha moja baada ya nyingine, bila kupumzika.

Kisha nyimbo zikaanza. Raïssa, binti wa mzee Évode, aliingia na wasichana wenzake. Wote walivaa mishanana, nguo ndefu zinazofungwa begani. Raïssa alikwenda moja kwa moja kwa baba mkwe wake. Yule mzee alisimama, akafungua mikono, akamkumbatia.

Christella alibonyeza kitufe. Kamera ililia, lakini flashi haikuwaka. Alibonyeza tena. Flashi ilibaki kimya. Taa ndogo nyuma yake, ile inayosema kwamba flashi iko tayari, ilikuwa bado imezimika. Ilipowaka, Raïssa alikuwa amekwisha kaa.

"Clovis! Betri!"

Clovis alifungua kifuniko cha flashi, akagusa betri moja na kuuvuta mkono haraka.

"Yewe! Iko moto kama kiazi cha jikoni!"

Jumatatu mzee Évode alifika studio. Christella alimwonyesha picha zote, hata ile mbaya. Ilionyesha vivuli viwili vimekumbatiana mbele ya mwanga mweupe. Nyuso hazikuonekana.

"Binti yangu," alisema mzee Évode, "hapa Raïssa ni yupi?"

"Wa kushoto, mzee. Nisamehe."

"Kusamehe nimesamehe. Lakini harusi ni Jumamosi hii. Mama Raïssa anataka tumwite mpiga picha mwingine. Mimi nilikutaka wewe, kwa sababu ya hizo picha zako za mlangoni. Sasa niambie. Mashine yako imepona?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo.

"Bado sijui, mzee," alijibu Christella. "Nipe mpaka Alhamisi. Nisipojua ugonjwa wake, mimi mwenyewe nitakwambia umwite mwingine."

Mzee Évode alimtazama kidogo. "Alhamisi," alisema, akatoka.

Jioni hiyo Christella na Clovis walibisha hodi kwa jirani yao, Béatha. Béatha alikulia Tanzania na sasa anafundisha umeme katika shule ya ufundi. Aliwakaribisha chai, akaitazama ile flashi, kisha akaziona betri.

"Shemeji, mbona betri moja ina rangi tofauti na nyingine? Na hii imepauka. Ilikuwa wapi?"

"Juu ya bati," alisema Clovis. "Ninazianika ili zipate nguvu."

"Unazianika kama dagaa?"

"Mwalimu, usinicheke. Baba yangu alifanya hivyo, na redio yetu ilisema mpaka majirani wakalalamika."

"Baba yako hakukosea sana," alisema Béatha. "Joto linaiamsha kidogo betri iliyochoka, na redio inakula umeme kidogo. Kwa redio hilo linatosha. Flashi inakula tofauti. Ngoja niwaeleze."

Alichukua jerikani ya maji na sufuria pana, akaviweka mezani.

"Ndani ya flashi kuna kitu kinachoitwa kapasita. Hiki hapa, sufuria hii. Betri ndiyo jerikani. Betri inajaza kapasita polepole. Ukibonyeza kitufe, kapasita inamwaga umeme wote kwa mara moja, na mwanga unatoka. Halafu lazima ijazwe tena. Ile taa ndogo inawaka ikishajaa. Ukibonyeza kabla haijawaka, utapata nini?"

"Kivuli cha Raïssa," alisema Christella.

"Ndiyo. Kwa hiyo swali ni moja. Jerikani inamwaga haraka kiasi gani? Betri za kawaida za alkalaini, hizi za kutupa, zina umeme mwingi ndani. Lakini mdomo wao ni mwembamba. Flashi inadai umeme mwingi kwa haraka, na mdomo unabana. Sehemu ya nguvu inapotea hapo hapo na kugeuka joto. Ndiyo maana uliungua kidole, shemeji. Na kadiri betri inavyochoka, mdomo unazidi kubana."

"Lakini ninaongeza mpya mbili," alisema Clovis.

"Hapo umeharibu zaidi. Betri zako nne zimepangwa katika mstari mmoja. Umeme uleule unapita katika zote. Iliyochoka inawachelewesha wenzake, nao wanaendelea kuisukuma. Inapata moto, na inaweza kuvuja na kuiua flashi yako. Betri za flashi ziwe za aina moja, za umri mmoja, zilizotumika pamoja."

Clovis alikuna kichwa. "Basi nitanunua mpya nne kila harusi."

"Zitakuwa afadhali mwanzoni tu. Kuna dawa nzuri zaidi."

Béatha alileta betri nne kutoka kwenye droo. Zilikuwa na ukubwa uleule, lakini za kuchajiwa. Clovis alizigeuza, akasoma maandishi, akacheka.

"Mwalimu, leo umenidanganya. Hapa imeandikwa volti moja nukta mbili. Zangu ni moja nukta tano! Mdogo atamshindaje mkubwa?"

"Swali zuri. Betri yako ina moja nukta tano ikiwa imekaa bila kazi. Ukiipa kazi nzito, inashuka upesi. Hii ya kuchajiwa, ya nikeli, ina mdomo mpana. Ukiipa kazi nzito, inashuka kidogo tu. Lakini usiniamini mimi. Tujaribu. Wewe nisalimie, tuone salamu ngapi zinaingia kati ya mwanga na mwanga."

Kwanza walitia betri za Clovis. Christella alibonyeza. Flashi ikawaka.

"Mwalimu, habari za jioni?" alianza Clovis. "Shule iko vizuri? Mama hajambo? Wanafunzi hawajambo? Na wale wa Tanzania? Mvua iko huko? Ng'ombe..."

Taa ndogo iliwaka.

Wakatia betri za kuchajiwa. Christella alibonyeza tena.

"Mwalimu, habari za..."

Taa iliwaka.

Clovis aliinama kuitazama ile taa. Béatha alikunywa chai yake.

"Hujanimalizia salamu, shemeji," alisema.

Christella alishika kamera kwa furaha. Alimpiga picha Clovis, akampiga Béatha, akapiga meza, jerikani na ukuta. Flashi iliitika kila mara. Aliendelea bila kupumua, kisha flashi ikakataa. Alama ndogo ya kipimajoto ilionekana kwenye kioo chake.

"Imekufa!" alisema Christella.

"Imejilinda," alisema Béatha. "Gusa betri."

"Vuguvugu."

"Sasa weka kiganja karibu na kichwa cha flashi, pale mwanga unapotoka. Usiguse."

Christella aliusogeza mkono na kuurudisha. "Huku ndiko kuna moto."

"Kuna joto la aina mbili, na ni vizuri kuzitofautisha. La kwanza ni la betri, nalo tumelipunguza. La pili ni la kichwa. Kila mwanga mkubwa unakipasha kichwa. Betri za zamani zilikuchelewesha, kwa hiyo kichwa kilipata nafasi ya kupoa. Betri nzuri hazikucheleweshi. Ni wewe sasa unayepaswa kukipumzisha."

"Lakini harusini hakuna kupumzika, dada."

"Flashi yako umeiwekaje?"

"Nguvu zote. Nataka mwanga."

"Punguza iwe robo. Sufuria itamwaga robo yake tu, kwa hiyo itajaa haraka zaidi na kichwa hakitaungua. Mwanga unaobaki utaupata kwa njia nyingine."

Hapo Christella hakuhitaji mwalimu. Kamera ilikuwa kazi yake. "Nitaongeza wepesi wa kamera kuona mwanga," alisema. "Na nitasimama karibu na watu."

"Hilo mimi sikulijua vizuri," alisema Béatha. "Leo tumefundishana."

Clovis alikuwa bado anazitazama betri zake za zamani. "Na hizi, siwezi kuzitia kwenye chaja?"

"Hata kidogo! Betri ya kutupa ukiichaji inaweza kuvuja au kupasuka. Peleka zilizoisha mahali wanapokusanya taka za umeme. Na hizi za kuchajiwa zichaji usiku mmoja kabla ya kazi, katika chaja yake. Zikiwa na moto, ziache zipoe kwanza."

Kesho yake Clovis alinunua seti tatu za betri za kuchajiwa na chaja nzuri. Aliomba rangi za kucha za mke wake. Seti ya kwanza aliitia alama nyekundu, ya pili zambarau, ya tatu ya fedha. Tangu siku hiyo hakuna betri nyekundu iliyolala na zambarau. Redio na tochi vilipata betri zao wenyewe. Juu ya bati hakubaki kitu.

Alhamisi Christella alipanda moto, pikipiki ya abiria, kutoka mjini, akapita njia panda ya Sonatubes, akafika Kagarama.

"Mzee, ugonjwa tumeupata. Zilikuwa betri, na jinsi tulivyozitumia."

"Umenunua mashine mpya?"

"Hapana. Ni ileile. Sasa ninaijua."

Alimweleza yote, sufuria na jerikani. Mama Raïssa alikuwa mlangoni, akisikiliza. Aliuliza swali moja tu.

"Na ikipata moto katikati ya sherehe?"

"Haitafika huko, mama. Nitaitumia kwa robo ya nguvu. Na Clovis atabadilisha betri kabla hazijachoka."

Mama Raïssa alimgeukia mumewe. "Huyu anajua anachosema. Mwingine wa nini?"

Jumamosi ukumbi ulijaa. Maharusi waliwapa wazazi zawadi, wakakata keki. Mshereheshaji aliita makundi ya picha kwa kasi, bila huruma: shangazi, wajomba, waliosoma na bwana harusi, kwaya, majirani wa Kagarama. Kundi moja likitoka, jingine lilikuwa limekwisha panda jukwaani. Flashi iliwaka kila Christella alipoitaka. Makundi yalipobadilishana, alishusha kamera ili kichwa cha flashi kipoe. Clovis alikuwa na betri zilizojaa mfuko wa kushoto na zilizotumika mfuko wa kulia. Mjomba mmoja alimwomba betri kwa ajili ya tochi yake.

"Hizi haziendi tochi, mzee," alijibu Clovis. "Hizi zina kazi yake."

Mwishoni mzee Évode alichukua kipaza sauti.

"Imebaki picha moja," alisema. "Familia yangu. Na huyu mpiga picha aje, asimame hapa na sisi."

Christella alisita. Mama Raïssa alimshika mkono na kumpandisha. Kamera ilibaki kwa Clovis. Alikuwa ameibeba miaka mingi, lakini kwenye harusi hakuwahi kuipigia picha. Aliitazama ile taa ndogo nyuma ya flashi. Ilikuwa inawaka.

"Mama Hirwa," alimwita mkewe kwa jina la mtoto wao, "inua kichwa!"

Christella alikuwa na jasho usoni, na mkanda wa kamera ulikuwa umemwachia alama shingoni. Alisimama kati ya Raïssa na mama yake, akanyoosha mgongo, akautazama mwanga.