Kiu ya Mama Euphrasie

Jioni ile Mushagalusa alitoka kwake kwenda kuazima spana kwa jirani yake Alphonse, na hakuna aliyemwona akipita ambaye angedhani kuna ubaya. Mtu anatengeneza bomba lake. Kuna dhambi gani hapo?

Bomba lenyewe lilikuwa uani, karibu na jiko, katika zile nyumba za mtaa wa Bagira zilizojengwa na Wabelgiji. Lilianza kuvuja siku waliyorudi kutoka kumzika mama yake, Mama Euphrasie. To... to... to... Mchana kelele za watoto wa majirani ziliifunika sauti hiyo. Lakini jua likishazama na ukungu ukipanda kutoka ziwani, iliingia mpaka barazani alikokuwa akishona nguo za watu, ikamganda sikioni kama mbu. Mushagalusa hakuwa mtu wa kutulia hata siku njema. Sasa alishona mshono akaufumua, akakaa akasimama, akaenda kulikaza bomba, akarudi. To... to...

Alijua fika kwa nini maji yanamkera. Mama yake alikufa na kiu. Hospitalini walikuwa wamempasua tumbo, na nesi akakataza asipewe hata tone mpaka asubuhi. Mama alimshika mkono, hakuuachia: "Marcellin... maji." Kikombe kilikuwa mezani, kimejaa. Mushagalusa hakumpa. Alitii kwa sababu alitaka mama apone. Kulipokucha mama alikuwa amekwenda, na kikombe kiko palepale.

Jina hilo la Marcellin hakuna mwingine aliyelitumia tena. Serikali ilikuwa imeyapiga marufuku majina ya ubatizo, na Mushagalusa, aliyewashonea wakubwa wa mji abakosti zao, zile suti zisizovaliwa na tai, aliishika amri hiyo kuliko hata walioitoa. Mkewe alimwita Papa Nsimire, kwa jina la binti yao mchanga. Mama Euphrasie peke yake ndiye aliyegoma. "Mie nilikubatizisha Marcellin," alisema. "Hiyo ingine bakuite ku bureau ya serikali."

Basi akarudi na spana. Mama mdogo Adèle, mdogo wake marehemu, alikuwa bado yupo pale kwa ajili ya matanga. Alipoiona ile spana akaacha kuchambua maharage.

"Mushagalusa, hapana funga ile robine."

"Mama mudogo, maji inapotea bure."

"Haipotee. Iko mwenye anaikunywa. Nilikuambia tumuwekee kibuyu ya maji kwa kitanda yake mpaka matanga iishe. Ukakatala, eti uko mukristu. Basi alijitafutia mwenyewe. Umuache."

"Batu benye balikufa habakunywake maji," alisema Mushagalusa. Lakini alilisema kwa sauti ndogo, na akamgeuzia mgongo haraka.

Alifunga maji kwenye koki kubwa iliyo karibu na uzio, akafungua kichwa cha bomba. Ngozi ya ndani, ile inayozuia maji, ilikuwa imeoza kabisa. Maduka yalikwisha kufungwa. Barazani kwake kulikuwa na vitambaa tu, na kitambaa hakizuii maji. Mtu mwingine angesema nitanunua kesho, akaenda kula. Mushagalusa aliingia chumbani kwa mama, akavuta katoni iliyokuwa chini ya kitanda, akatoa viatu vyeusi ambavyo mama alikuwa akiendea misa.

Kwao, vitu vya marehemu havipitishwi mkasi mpaka matanga yaondolewe na ukoo ugawane. Alilijua hilo tangu utotoni. Lakini mikono ilikuwa inamwasha. Alibandua ngozi ya kisigino cha kushoto, akakata kiduara safi kama anakata tundu la kifungo, akakipachika, akakaza, akafungulia maji.

Kimya.

Mushagalusa alicheka peke yake, akarudi kwenye cherehani yake. Hatimaye! Alishona mshono wa kwanza bila kufumua. Akaanza wa pili.

Hapo ndipo aliposikia harufu. Haikuwa ya jikoni. Ilikuwa dawa ya hospitali, ile ya kusafishia vidonda, na ilikuwa inatoka uani.

"Papa Nsimire," mkewe M'Cirhuza aliita kutoka ndani, "nani amemaliza maji ya mutungi? Nilijaza sasa hivi."

Kabla hajajibu, maharage yaliungua. Mama mdogo aliapa kuwa chungu alikijaza mpaka juu. Bidoni, lile dumu la maji ya kuogea, kavu. Kikombe cha mtoto, kikavu. Mushagalusa alisimama. Huko uani mtu alikuwa anatembea polepole, mguu mmoja una kiatu, mwingine mtupu.

Ko... pa... Ko... pa...

Nsimire alilia. M'Cirhuza akampa titi, mtoto akavuta, akaliachia, akalia tena. Titi lililokuwa limejaa saa hiyohiyo lilikuwa halina kitu. Midomo ya mtoto ilianza kupasuka mbele ya macho yao. Analia, na machozi hayatoki. Sauti ikazidi kuwa nyembamba... nyembamba... Watoto wawili walikuwa wamekwisha kuzikwa kabla yake. Nsimire ndiye pekee aliyebaki.

"Mutoto anakauka," alinong'ona M'Cirhuza. "Papa Nsimire, anakauka!"

Nyayo zilisimama mlangoni.

"Marcellin... maji."

Wote watatu waliisikia. Mama mdogo Adèle alimsogelea mpwa wake mpaka karibu na uso.

"Uliweka nini mule ndani ya robine?"

"Ngozi."

"Ngozi ya nini?"

Mushagalusa aliangalia tu kule chumbani kwa marehemu, na mama mdogo akaelewa.

"Umemuziba mama yako mudomo na kiatu yake mwenyewe," alisema. "Toka. Enda ufungule."

Alitoka na spana na taa. Uani hapakuwa na mtu. Lakini kwenye simenti, kulizunguka bomba, palikuwa na alama za maji: kiatu, unyayo, kiatu, unyayo... zikizunguka na kuzunguka. Alifungua bomba. Halikutoa hata tone. Ngozi ilikuwa imevimba, imeziba. Aliiweka spana, ikateleza. Akaiweka tena. Nyuma ya shingo yake mtu alikuwa anapumua, pumzi kavu, ya moto.

Hakugeuka.

Aliogopa, na afadhali tuseme wazi kwamba alilia. Alikaza mikono, akazungusha kwa nguvu zake zote. Kichwa cha bomba kikang'oka, maji yakamruka kifuani, taa ikazimika. Alikinga viganja vyake gizani.

"Kunywa, mama," alisema. "Kunywa. Unisamehe."

Na kitu kikanywa. Alisikia mikupuo, mikubwa, ya mtu aliyengoja muda mrefu sana. Midomo ya baridi iligusa viganja vyake. Alifumba macho mpaka aliposikia mtoto analia ndani, kwa sauti nzima, na M'Cirhuza akipiga kelele kwamba machozi yanatoka.

Kesho yake Alphonse alicheka. Maji ya Bagira hukatika ovyo, alisema, na mtoto bila shaka alikuwa na tumbo. Huenda. Lakini kile kiduara cha ngozi hakikuonekana tena, na kiatu cha kushoto kilikutwa katonini kimelowa, kisigino chake kizima, hakina hata alama ya mkasi.

Mushagalusa alilirudisha bomba bila ngozi, akaliacha livuje. Matanga yakaondolewa. Mama mdogo akarudi kwake Kavumu. To... to... to... Sasa sauti ile ilimtuliza. Ilimwambia kwamba mama yuko kule uani na anapata anachokitaka.

Mpaka jioni moja, ukungu ukiwa unapanda, aliposhtuka yuko katikati ya mshono, hajui amekosa nini. Alitega sikio.

Bomba lilikuwa limenyamaza. Lenyewe, bila ngozi ndani, bila mkono wa mtu.

Alisimama. Nyuma yake, mkekani, Nsimire, ambaye alikuwa hajawahi kutamka hata "mama", aliinua kichwa, akamnyooshea mkono.

"Marcellin... maji."

Kikombe kilikuwa mezani, kimejaa. Safari hii Mushagalusa alikimbia nacho. Mtoto alikunywa chote bila kupumua, kisha akamshika baba yake mkono na hakuuachia. Vidole vyake vidogo vilinuka dawa ya hospitali.